Wati Mia Sita

Ipuli, Tabora
Jumatatu, 8 Julai 2024

Mtani wangu Kashindye, mchunga ng'ombe uliyepotea njia ukaangukia kwenye kompyuta,

Usishtuke kupata karatasi karne hii. Kioo cha simu yangu kimekufa, natumia kitochi, na maneno niliyonayo hayaenei kwenye ujumbe mfupi. Barua nimempa kondakta wa basi la asubuhi, ameahidi kukufikishia dukani kwako hapo stendi ya Igunga. Kunipigia usijisumbue, maana spika nayo inakoroma.

Shida yangu ni mashine. Tangu Idd ipite ndoa zimefumuka mji mzima, na watu siku hizi hawataki video ya kawaida. Wanataka ya kamera inayoruka, wanataka nyuzi za shela ya bibi harusi zihesabike. Kompyuta yangu ikifika kwenye ile kazi ya mwisho ya kuipika video, sisi tunaita kurenda, inachukua siku mbili kwa harusi moja, na njiani inagoma mara tatu. Nina harusi saba zimelala ndani yake. Wateja wakichoka watahamia kwa vijana wa Isevya, na mimi kazi nyingine sina. Basi nitumie ile kadi ya grafiki uliyosema umeitoa kwenye mashine iliyokufa. Wenzangu wote wanaofanya kazi hii wanasema kadi ndiyo dawa.

Najua utaniuliza pawa saplai, wewe huna swali jingine maishani. Ubavuni imeandikwa 600, kwa tarakimu nyekundu, kubwa, hata ng'ombe wako angezisoma. Wati mia sita zinatosha na nyingine zinabaki.

Mama hajambo. Siku hizi yuko Ntalikwa kwa dada Kuluthumu, anakula mihogo na kuwaamrisha wajukuu.

Mtani wako,
Yahaya

—

Igunga
Jumatano, 10 Julai 2024

Mpagazi Yahaya,

Barua yako imefika inanuka dagaa, nikajua kweli imetoka kwako. Kadi imo ndani ya boksi hili. Usiishike kwa mikono yenye mafuta ya pilau la watu.

Sasa nisikilize kabla hujachukua bisibisi. Babu zako walibeba pembe za ndovu toka hapo Tabora hadi pwani, na sifa yao pekee ambayo sisi Wasukuma tuliwahi kuikubali ni kwamba hakuna aliyeondoka na mzigo kabla ya kuupima begani. Wewe mjukuu wao unaniambia mia sita kwa sababu imeandikwa kwa rangi nyekundu. Hiyo ni sifa aliyojipa mwenyewe, kama mchumba anayesema ana ng'ombe mia. Mimi nataka kwenda zizini kuhesabu.

Zizi liko kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa ubavuni, yenye vimistari. Tafuta palipoandikwa volti 12, uangalie chini yake ni ampea ngapi. Zidisha kwa kumi na mbili. Hizo ndizo wati ambazo kadi na prosesa zitakula. Nyingine zote ni mapambo. Kadi hii peke yake inataka kama mia na hamsini, na mashine yako yote iliyobaki karibu hivyohivyo. Nikiona ampea thelathini nitalala usingizi. Halafu chungulia nyaya zake kama kuna plagi nyeusi ya pini nane, ile ya kuchomeka kwenye kadi. Ikikosekana, ujue aliyeitengeneza hakukusudia ibebe kadi ya aina hii, na usimlazimishe. Na iweke kwenye mizani. Pawa saplai nyepesi haina kitu tumboni.

Usiifunge kadi hadi unijibu. Sisemi haya kwa maringo. Mwaka juzi moja ilinilipukia mezani, kovu liko mkono wa kushoto kama mtu aliyepigwa chapa. Ilikuwa imeandikwa mia tano.

Mpelekee Mama shikamoo yangu huko Ntalikwa. Mwambie yule binti wa chuo cha ufundi aliyekuwa anamaliza sahani mbili za wali kwake kila Jumapili bado yu hai, na bado ana njaa.

Kashindye

—

Ipuli
Jumatatu, 15 Julai 2024

Mtani,

Mimi sikuumbwa na subira, nimeshaifunga. Ungeona. Harusi iliyokuwa inachukua siku mbili imetoka kwa saa tano, sura za watu zinang'aa, hata wabaya wamekuwa wazuri. Nilikaa mbele ya mashine nikicheka peke yangu.

Lakini usiseme sikukutii. Pawa saplai niliipeleka kwenye mizani dukani kwa Saidi, anapouza mchele. Kilo moja na robo tatu. Nzito kama jogoo wa kisasa, Saidi mwenyewe alishangaa. Basi hapo nikapumua. Plagi ya pini nane kweli haikuwepo, ila fundi mmoja mjini ameniuzia kiwaya cha kuungia, kinachukua plagi mbili za zamani na kutengeneza moja mpya. Kimeingia sawasawa.

Hiyo karatasi ya ampea imechakaa. Nimeisoma kwa tochi, pale kwenye volti 12 nadhani ni 14. Sidhani kama ina maana sana ukishaona uzito ule.

Inapata joto kidogo kwa nyuma, lakini Tabora nzima ina joto.

Yahaya

—

Igunga
Jumatano, 17 Julai 2024

Wewe Yahaya,

Kumi na nne mara kumi na mbili ni mia moja sitini na nane. Nimeiandika kwa maneno ili usidhani kalamu imeteleza. Huyo mpagazi wako amejiandika mia sita na uwezo wake ni mia moja sitini na nane, na wewe umemtwisha karibu mia tatu, na kwa kuwa hajaanguka siku ya kwanza unamsifu.

Ichomoe leo. Ukimaliza kusoma sentensi hii weka barua chini, uichomoe, kisha urudi.

Hicho kiwaya cha kuungia ndicho kinachonitisha kuliko vyote. Nyaya zake ni nyembamba, zilitengenezwa kwa mizigo midogo, na sasa unapitisha humo chakula cha kadi nzima. Pawa saplai ya maana ikizidiwa hujizima yenyewe. Ya bei poa hata kuzima haijui. Inaendelea kubeba huku inaungua. Plastiki inalainika kwanza. Utasikia harufu, halafu hutasikia kitu tena hadi moto.

Uzito huo siuelewi na sitaki kuuelewa nikiwa mbali. Rudisha mashine ilivyokuwa, kadi iweke kabatini, nitakutafutia pawa saplai ya kweli. Ukikaidi ukafa, nitakuja msibani kwako nimevaa shati lako, niigize unavyotembea kama bata, waombolezaji wote wacheke, na jeneza lako nitalikalia.

Kashindye

—

Ipuli
Jumatano, 24 Julai 2024

Mtani wangu mpenzi,

Barua yako nimewasomea wazee kibarazani, wamecheka hadi mmoja akatokwa machozi. Hiyo ya kukalia jeneza wamesema ni ya kiwango cha zamani. Siku hizi watani wengi mmepoa, mnataniana kama watu wa benki. Wewe bado unaua watu kwa mdomo inavyotakiwa.

Mimi mzima, mashine nzima. Harusi nne zimetoka, zimebaki tatu. Ninachofanya nikitoka kwenda kupiga video ya watu wengine, naiacha inarenda mwenyewe, nikirudi nakuta kazi imekwisha. Ni kama nimeajiri mtu asiyekula.

Joto lipo, na juzi Mama aliniambia inanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikafungua dirisha, harufu ikaisha. Vumbi tu hilo, maana huku kiangazi kimekolea.

Hiyo pawa saplai nyingine tutaiongea Septemba, msimu ukipungua. Salimia ng'ombe wako wote, kwa majina.

Yahaya

—

Igunga
Ijumaa, 26 Julai 2024

Yahaya,

Leo sitanii. Ule mchezo wa jeneza niufute, ulikuwa ujinga wangu. Nimezoea kukupiga madongo hata ninapotetemeka, na ninavyoona nimekuchekesha badala ya kukutisha.

Nimesoma barua yako mara nne. Uliniambia Mama yuko Ntalikwa. Mama wa Ntalikwa amenusaje mashine iliyoko Ipuli?

Harufu ya sufuria iliyosahauliwa si vumbi. Vumbi linanuka vumbi. Hiyo ni plastiki, ndiyo niliyokwambia itatangulia.

Nimekupigia siku hizi mbili mara sita. Simu inaita vizuri tu, haina mkoromo wowote, na hupokei. Kwa hiyo nakuuliza kwa karatasi, unijibu kwa karatasi. Mashine inapofanya kazi wewe uko harusini, nyumbani anabaki nani? Na kama ni Mama, nani anabaki na Mama?

Kadi ile niliifunga kwenye boksi kwa mikono yangu. Ninaogopa, Yahaya. Naliandika hivyohivyo, bila kulipamba.

Kashindye

—

Ipuli
Alhamisi, Nanenane, 8 Agosti 2024

Mtani,

Nimechelewa kujibu, harusi zimebanana. Nilipoona umeanza na "leo sitanii" nikatabasamu, kwa sababu kila mtani akitaka kukumaliza vizuri huanza hivyohivyo. Baba yenu mmoja wa Nzega aliwahi kumwambia babu yangu, leo sitanii, mke wako amefariki, na babu akalia siku nzima wakati bibi yuko sokoni ananunua karanga. Kwa hiyo barua niliiweka chini ya kibodi. Niliitoa jana tena, nikaisoma, sikuona pa kucheka.

Nitakwambia, ila usimwambie mtu. Mama yuko hapa. Kuluthumu alimrudisha mwezi wa tano, baada ya kumkuta asubuhi amekaa ukingoni mwa kisima ananing'iniza miguu, anamsubiri mama yake. Kichwa cha Mama kimechoka, Kashindye. Mimi ananijua, jana na leo anavichanganya. Akiona mlango wazi anatoka, anasema anakwenda kwao Ulyankulu kwa miguu. Mwezi wa sita watu wa reli walimleta kwa Shomari, jirani yangu fundi baiskeli, walimkuta Mama anatembea kati ya vyuma na treni ya mizigo ilikuwa imeshapiga honi. Tangu siku hiyo sina usingizi. Nikiwa harusini nimeshika kamera, naona reli.

Basi nikitoka namfungia. Kufuli kwa nje. Dirisha lina nondo. Namwachia uji, maji kwenye jagi, redio. Hana shida yoyote. Anakunywa uji wake, analala hadi nirudi, hajawahi kulalamika hata siku moja. Simu sipokei kwa sababu mara nyingi nikiwa nyumbani anaongea kwa sauti nyuma yangu, na sikutaka umsikie alivyobadilika, wewe uliyekula kwake. Na sikutaka mtu aseme Yahaya mwana wa Mwanne anamfungia mama yake kama mbuzi. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mashine iko chumba cha mbele, kitanda cha Mama kiko humohumo nyuma ya pazia. Nimebakiza harusi mbili. Jumamosi hii nakwenda Urambo toka alfajiri hadi jioni, nitaiacha izipike zote mbili kwa pamoja, na nikirudi naitoa hiyo kadi, naapa. Siku moja tu imebaki. Imeshavumilia mwezi mzima, haiwezi kushindwa siku moja.

Yahaya

—

Nyumbani kwako, Ipuli
Jumamosi, 10 Agosti 2024, saa saba mchana

Yahaya,

Mama ni mzima. Natanguliza hilo ili mengine uyasome umekaa. Kufuli nimevunja mimi, usipige yowe la mwizi.

Barua yako nilipewa jana jioni, jua linazama. Nilikupigia mara kumi na moja, ukanyamaza kama ulivyozoea. Alfajiri nikajaribu tena, hupatikani kabisa, nikajua uko njiani Urambo. Namba ya Kuluthumu sina. Ya huyo Shomari sina. Nikapanda basi la kwanza. Toka Igunga hadi Nzega nilikuwa nazidisha kumi na nne kwa kumi na mbili, narudia narudia, kama vile mara nyingine ingekuja namba tofauti. Pale Nzega dereva alishuka kunywa supu, na mimi nikabaki kwenye kiti nimeshika chuma cha mbele kwa mikono miwili. Mama mmoja pembeni yangu aliniuliza kama nakwenda kuzika.

Harufu niliipata kabla sijafika mlangoni. Nikagonga. Mama akauliza nani, kwa sauti ileile ya kunikaribisha wali. Nikasema Kashindye. Akasema mwenye ufunguo ametoka, nisubiri.

Nikamkimbilia Shomari, nikamwomba nyundo. Akauliza mimi nani ninayetaka kuvunja nyumba ya watu mchana kweupe. Nikamwambia mimi mtani wake, Msukuma wa Igunga. Basi akaanza kucheka. Nilikuwa nalia, Yahaya, kamasi zinanitoka, naye anacheka anasema Wasukuma safari hii mmekuja na machozi kabisa. Lakini nyundo alinipa, kwa kuwa mtani haulizwi sana. Alisimama nyuma yangu akicheka hadi kufuli lilipoanguka na moshi ukamfikia puani.

Mama alikuwa amesimama mbele ya mashine, ameinua lile jagi la maji kwa mikono miwili. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwa nyuma, na mashine bado inafanya kazi. Aliponiona hakushtuka. Akaniambia, "Yahaya ameacha chungu motoni, ngoja nikizime." Angemwaga maji yale umeme ungempitia akiwa amesimama peku kwenye sakafu. Nikalipokea jagi polepole, nikazima swichi ya ukutani. Imechukua muda mfupi kuliko kuiandika. Kisha nikakaa chini, na Mama akanipepea kwa upande wa kanga yake.

Pawa saplai nimeifungua. Ule uzito uliokupumzisha kwenye mizani ya Saidi ni kipande cha chuma, kimegandishwa kwa gundi kwenye kava kwa ndani, hakijaungwa na waya wowote. Kimewekwa pale kwa ajili ya watu kama mimi wanaosema ipime. Nilikufundisha kipimo ambacho wezi walishakijua, na hilo nitalibeba. Kiwaya cha kuungia kimeyeyuka, kimeshikana na kadi, siwezi kuvitenganisha. Diski yako ni nzima, harusi za watu zimo.

Sasa sikiliza. Unajua mila. Mtani akiingia kwako hutoka na anachokitaka, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Nimechukua pawa saplai. Na nimemchukua Mama. Nilimwambia tunasafiri, hakuuliza wapi, alitafuta kanga yake nyingine na viatu. Tunapanda basi la saa nane. Shomari anajua na namba yangu anayo, nimemwachia mbele ya majirani wawili ili pasiwe na maneno.

Mali iliyochukuliwa na mtani hukombolewa kwa kuku. Kuku wako simtaki. Nataka mlango ambao aliye ndani anaweza kuufungua, na mtu mzima wa kukaa naye siku za harusi, awe Kuluthumu au awe nani. Hadi hapo Mama anakaa kwangu. Kwangu kuna watu wengi na kelele nyingi, akitoka atakutana na mtu.

Umeniuliza ungekuwa wewe ungefanya nini. Sijui. Ningeogopa reli kama wewe. Lakini ningeogopa na kufuli.

Kashindye

—

Ipuli
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Kashindye,

Juzi kwenye simu uliposema amekula na amelala, nikakata. Haikuwa hasira. Nilikuwa nimekaa chini kwenye kokoto nje ya nyumba, nalia.

Nilifika magharibi. Mlango wazi, kufuli chini, kitanda kitupu. Kabla sijaiona karatasi yako mezani nilikuwa nimeshaangalia uvunguni, chooni, kwenye kisima cha jirani, na nimeshaanza kukimbilia reli. Shomari alinikimbiza na baiskeli hadi akanipata. Hofu yote niliyoifungia kwa kufuli miezi miwili nilikutana nayo pale njiani, ikiwa nzima. Nimeambiwa nilikuwa napiga kelele. Sikumbuki.

Baadaye hasira nayo ilikuja, sitakuficha. Mtaa mzima sasa unajua. Kuluthumu amepiga simu akaniita majina ambayo hata wewe hujawahi kunitania nayo, kisha akalia, kisha akasema atakuja kukaa hapa msimu wa harusi na wanawe. Kadi imekufa, na wale wenye harusi mbili nimewaambia wasubiri.

Jana nilianza kukuandikia barua ya kujitetea. Niliandika kwamba umetia chumvi, kwamba ukiondoa mashine hiyo, Mama alikuwa salama, hana shida, anakunywa uji wake na kulala hadi nirudi. Nikafika hapo kalamu ikasimama. Nilijiuliza nimejuaje. Mimi nilikuwa nakuwepo anapoamka na ninaporudi. Ya katikati nilijitungia mwenyewe.

Basi leo asubuhi nimenunua kufuli kama lile, nikampa Shomari. Nikamwambia anifungie kwa nje, aende akakae kibarazani kwake na kazi zake kama siku zote, nikiita aje anifungulie. Alidhani ni utani umeendelea. Akacheka, akafunga.

Nilikaa kitandani kwa Mama. Mwanzoni hakuna kitu, ni chumba tu. Nikawasha redio, nikazima. Kuna joto ambalo sikulijua, kwa sababu mimi nikiwa ndani mlango huwa wazi. Baada ya muda nikataka kutoka. Sikuwa na sababu, nilitaka tu, na nikajua kwamba siwezi. Nikaenda mlangoni, nikavuta pembeni pazia la mlango. Lile pazia siku zote limeufunika mlango kwa ndani, usiku navuta komeo la juu kwa kupapasa, sijawahi kuutazama ubao wake.

Rangi ile niliipaka mwenyewe mwezi wa Shaabani, ya bluu. Imetoka. Sehemu moja tu, upana wa kiganja, usawa wa bega la Mama. Imeliwa hadi mbao inaonekana, na mbao yenyewe imekuwa nyeusi kwa mafuta ya mkono.

Nikaweka mkono wangu pale, nikagonga. Nikaita Shomari. Nikaita tena kwa sauti yote niliyonayo, na mara ya tatu nikaita huku napiga kwa ngumi mbili. Alikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, nilimwona kwa pembe ya dirisha, ameinamia gurudumu na redio yake inaongea. Hakugeuka.

Nakuja Igunga Jumatano. Sijui nitamwambia nini Mama, na sijui kama atajua ninaomba radhi ya kitu gani, lakini nitaomba.

Shomari alikuja kunifungulia adhuhuri, akaniuliza kama utani umekwisha.

Yahaya